Muulize Muzee Truweli: garaji inatoka jasho, rangi itashika wapi?

Mvua za mwezi wa tisa zimerudi Bukavu na barua zenu zimerudi nazo, na safari hii karibu zote zinauliza jambo moja tu, sakafu ya garaji. Moja inabanduka, ingine inatoa vumbi, ingine imepasuka, ingine imekunywa mafuta ya moteri mpaka mwenye nyumba anaona haya kufungua mlango mbele ya wageni. Nimechukua nne, wengine mtajiona ndani ya majibu ya wenzenu.

*Yambo Muzee. Niko mama wa watoto wane, tunakaa Nguba, nyumba iko chini ya barabara na garaji bameikata ndani ya mulima. Mwaka jana bwana yangu alinunua rangi ya mafuta ya kijivu, makopo mbili makubwa, fundi akapaka, ikang'aa mpaka watoto banavaa soksi banateleza ndani kama kwa barafu. Haikumaliza hata miezi tatu. Fasi ya pneu (matairi) inatoka yote kama ngozi ya nyoka, fasi ingine inafanya mapovu, ukiyatoboa na musumari maji inatoka. Kwa kona ya nyuma kuko kitu nyeupe kama chumvi. Fundi anasema rangi ilikuwa feki, mwenye duka anasema fundi njo feki. Sasa bwana anataka kuleta ile ingine ya bei kali, ya makopo mawili ya kuchanganya. Nimemuambia angoje nikuulize. — Mama Kazi-Mingi, Nguba*

Mama Kazi-Mingi, aksanti kumzuia, na umwambie aendelee kushika pesa yake. Rangi pengine ilikuwa ya kweli kabisa na fundi wako nimeona wabaya kumuzidi. Mwenye makosa ni maji, na maji hakuna mutu aliyeyauliza kama yako pale.

Niende polepole hapa kwa sababu hii njo shida ya nusu ya mji wetu. Sisi tumejenga kwa miteremko, juu ya udongo ule unaokunywa mvua ya usiku mmoja halafu unaitoa wiki nzima. Garaji yako imekatwa ndani ya mlima, maana yake ukuta wa nyuma na sakafu vinalala juu ya udongo uliolowa. Betoni, yaani zege, unaigonga unasikia jiwe, lakini ndani ina vinjia vidogo ambavyo jicho halivioni, na maji yanapanda kwa vile vinjia kama vile petroli ya taa inavyopanda kwa utambi. Sakafu ikiwa tupu yakifika juu yanakauka na hewa, hata huyaoni. Ukiifunika na rangi yanafika, yanakuta mlango umefungwa, yanasukuma. Njo mapovu yako. Na ile nyeupe ya kona ni chumvi na chokaa ambayo maji yameichota ndani ya betoni, yakakauka yakaiacha pale juu. Ukishaiona ile hata kupima hauna haja sana, sakafu imekujibu yenyewe.

Kiisha rangi ya mafuta ilileta shida yake ya pili. Sima, yaani saruji, ikigandana inaacha chokaa kali ndani ya betoni. Wewe unajua namna wamama wanapika sabuni, mafuta na soda kostiki, si ndiyo? Basi ile chokaa ikipata unyevu, ikikutana na mafuta ya rangi, inafanya kazi ile ile ya sufuria ya sabuni, pole pole, chini chini, wewe unaona tu juu kunang'aa. Okota kipande kimoja kilichobanduka ukiguse upande wa chini, kama kiko laini kinanata kidogo kwa kidole, ni hiyo. Pneu zinakuja kumaliza kazi tu, gari inarudi pneu ziko na moto, zinalegeza rangi, usiku zikipoa zinaishika, asubuhi bwana anatoa gari na rangi inamfuata.

Na usione aibu, mimi mwenyewe nimeanguka ndani ya shimo hilo. Garaji ya kwangu niliipaka mwezi wa saba, kavu kabisa, vumbi kila fasi, nikawaambia majirani waje waone kazi ya fundi. Mwezi wa kumi na moja mke wangu akaniita asubuhi, «baba, njoo uone ugali wako unachemka». Mapovu kutoka ukuta mpaka mlango. Nilikuwa nimepaka rangi nyumba za watu miaka mingi na sijawahi kupima unyevu hata siku moja.

Kupima kwenyewe hakuna gharama. Kata kipande cha plastiki safi, inayoonyesha ndani, kama sentimeta 45 kwa 45, ukilaze juu ya betoni tupu (fasi rangi imekwisha toka, usipime juu ya rangi), ufunge kando zote nne na skochi nzuri hewa isipite, ukiache usiku mzima na mchana wake, isipungue masaa 16. Weka tatu, moja karibu na ukuta wa mlima, moja katikati, moja karibu na mlango. Kesho ukifungua ukakuta matone chini ya plastiki, au betoni pale imekuwa nyeusi kuliko jirani yake, maji yanapanda. Na upime sasa hivi, wakati wa mvua. Ukipima mwezi wa saba utakuwa umenunua uongo kama nilivyonunua mimi.

Kwa namna ulivyoandika, nyuma kutalowa, nakuambia mbele ya plastiki. Basi pesa ya ile rangi ya makopo mawili, yaani epoksi, ipelekeni nje ya nyumba. Angalieni maji ya bati yanaangukia wapi, kama yanaangukia nyuma ya garaji wekeni gutieri na mrija wa kuyapeleka mbali. Kiisha nyuma ya ukuta chimbeni mfereji, ushuke chini kuliko sakafu ya garaji, muujaze mawe na kokoto, uwe na mteremko wa kutoka mpaka kwa kanivo, mtaro wa barabara. Chimbeni kwa vipande vifupi vifupi na mutu anayejua, msikate mguu wa mlima wote siku moja, mnajua wenyewe udongo wa hapa unavyoshuka. Ni kazi ya sururu na jasho, haing'ai, wageni hawataisifu, lakini ndiyo inayolinda sakafu. Ndani kwangueni rangi yote iliyobaki, sugueni ile nyeupe na burosi kavu kwanza kabla ya kuleta maji (ukianza na maji unairudisha ndani), halafu muache betoni tupu ipumue msimu mzima. Mkitaka kuipa nguvu, dawa ya silikati ninayoieleza kwa Papa Taksi hapo chini inafaa, kwa sababu yenyewe haifungi mlango.

Ikitokea mfereji umefanya kazi, mvua ya mwaka ujao plastiki zote tatu zikauke, hapo bwana anunue epoksi yake na nitamshangilia. Ila aifanye vizuri. Rangi ya zamani itoke yote, mafuta yatoke yote, juu kusuguliwe na mashini mpaka ukipitisha kiganja unasikia papie-vere (msasa), sio kioo. Mwaga tone la maji, likinyonywa haraka betoni iko tayari, likikaa duara kama juu ya jani la kolokasi kuna mafuta au dawa ya zamani imebaki. Kopo la resini na kopo la kigumu vinachanganywa kwa kipimo kilichoandikwa, usikadirie na jicho, na ukishachanganya saa inatembea, nyingi zinakupa kama nusu saa tu na kwenye joto zinakupa chini ya hapo, kopo lenyewe linapata moto mkononi. Kwa hiyo changanya kidogo kidogo, anza kona ya nyuma umalizie mlangoni (nimeshaona fundi akijifungia kwa kona, akalala njaa). Mkono wa kwanza wa rangi ukiwa bado mbichi nyunyiza mchanga mwembamba mkavu uliochekechwa, bila hiyo siku ya mvua garaji itakuvunja mguu. Watu watembee kesho yake, gari ingoje wiki.

*Muzee salama? Mimi nafanya taksi, niko Panzi. Garaji yangu ni mupya, haijafika mwaka. Nikifagia asubuhi natoa bakuli ya vumbi ya kijivu, kesho tena bakuli, gari inaamka nyeupe kama imelala ku moulin ya mihogo. Jirani mekanisie anasema nimwage mafuta chafu ya vidanji, ile inatolewaka ku moteri, vumbi inakwisha mara moja, yeye njo anafanyaka ivyo. Mufundi aliyejenga anasema nimwage sima kavu juu na maji kidogo. Nifuate nani? — Papa Taksi*

Usifuate yeyote kati ya hao wawili, Papa.

Niambie kama nakosea, siku ya kumwaga betoni ulikuwa kazini, na wale vijana wa buruweti (toroli) walikuwa wanaongeza maji kila safari ili itiririke na isiwachokeshe mikono. Sima mfuko mmoja wa kilo 50 unataka maji kama lita 25 hivi, na ndani ya hizo 25 hesabu maji yaliyoko tayari kwa mchanga uliolowa. Wao wanatia 35, wanatia 40, betoni inakuwa uji, mawe yanashuka, maji na unga mwembamba vinapanda juu. Kiisha fundi anaona maji juu, anarusha sima kavu ayakaushe, anapitisha truweli (mwiko) mpaka inang'aa, unalipa umefurahi. Ile ngozi inayong'aa ndiyo unayoifagia sasa. Na kama hakuna aliyeimwagilia wiki ya kwanza, imekauka kabla ya kugandana. Watu wanadhani sima inakauka kama matope, hapana, sima inakula maji ili iwe jiwe, ukiinyima maji mapema inabaki unga.

Mafuta ya vidanji ni kweli yanalaza vumbi. Kwa wiki chache. Halafu vumbi la barabara linakuja linachanganyika nayo unapata lami nyeusi inayoingia nyumbani na viatu vya watoto, inateleza, inashika moto kirahisi kuliko betoni tupu, na tangu siku hiyo hakuna rangi, hakuna dawa, hakuna hata sima itakayoshika pale, kwa sababu mafuta yameshuka ndani ya vinjia vile nilivyomweleza Mama wa Nguba. Na yale yanayobaki mvua inayashusha, na hapa kwetu kila kitu kinachoshuka kinaishia kwa Ruzizi ama kwa ziwa, tunalokunywa samaki wake (samahani, tunalokula, lakini maji yake pia wapo wanaoyanywa). Sima kavu nayo itakaa kama ukoko wa ugali, mwezi mmoja inainuka yote.

Kwanza tujue ugonjwa umeshuka kiasi gani. Chukua msumari mkubwa, ukwangue kwa nguvu fasi tano. Ukichora mstari mwembamba halafu ukagota kitu kigumu, ugonjwa ni wa ngozi. Ukichimba kama kwa biskuti, milimeta tano, sita, bado unaenda, ni wa mwili.

Wa ngozi tunautibu. Sugua sakafu yote na burosi ya waya, ufagie, uoshe, uache ikauke vizuri. Tafuta silikati ya soda, ni maji mazito yanayoteleza, wanaopika sabuni wanaijua, ukikosa kwa kenkayeri, duka la vifaa vya ujenzi, uliza kwao. Changanya kipimo kimoja cha silikati na vinne vya maji, umwage, ueneze na fagio laini, ile inayobaki juu kama dimbwi uivute usiiache ikaukie pale. Kesho rudia, kesho kutwa rudia tena, ya mwisho ikishakauka osha na maji safi. Inachofanya ni kwamba inakutana na ile chokaa iliyobaki ndani ya betoni wanafanya pamoja kitu kigumu ndani ya vinjia, kwa hiyo sio koti la juu la kubanduka, imekuwa betoni yenyewe. Vaa glovu za mpira, linda macho, na usirushie kwa vioo vya gari, kwa sababu ikikaukia kioo haitoki tena na kioo kinabaki na alama. Na usingoje ing'ae, haitang'aa, utakachokiona ni bakuli tupu asubuhi.

Wa mwili, pole sana, ni kuvunja. Ukirudi kumwaga sema na fundi dozaji 350, anaijua, ni kilo 350 za sima kwa meta kibu moja, mifuko saba. Garaji ya meta 3 kwa 5 na nusu, unene wa sentimeta 10, inakula meta kibu moja na robo tatu hivi pungufu kidogo, nunua mifuko 12. Chini weka mawe yaliyoshindiliwa, kiisha plastiki nzito ya kuzuia maji, nayo usiikubali yenye matundu, na waya ya kusuka ndani ya betoni, iinue isilale chini kabisa. Mteremko wa kuelekea mlangoni, sentimeta moja na nusu kila meta. Siku saba iwe imelowa, funika na magunia ya maji, weka mtoto mmoja kazi ya kuyamwagilia asubuhi, mchana na jioni na umlipe sambusa. Gari isipande kabla ya siku 28. Najua taksi inalala wapi siku 28, utalipa parking ya jirani, lakini ni bei ndogo kuliko kuvunja mara ya pili. Na hao vijana wa buruweti, simama nao. Ukiona betoni inatiririka yenyewe bila kuvutwa na reki, simamisha.

*Muzee, niko kijana wa Kadutu, natengenezaka pikipiki kwa garaji ya papa. Mafuta ilimwagika mingi, nikaweka asidi, haikutoka, nikaongeza javeli, ile ya kufanya nguo nyeupe, juu yake. Nilikohoa mpaka nikatoka mbio, macho inawaka siku nzima. Niweke nini ingine? — Petit wa Moto, Kadutu*

Usiweke kitu ingine chochote, mdogo wangu, mpaka umalize kusoma hapa. Asidi na javeli vikikutana vinatoa gesi ya klorini, ile ile waliyorushiana wazungu kwa vita ya mwaka 1915. Wewe umeivuta ndani ya garaji ya papa. Kama kifua bado kinabana au unapumua na sauti, enda kituo cha afya leo, barua ya Muzee sio dawa.

Kiisha ujue asidi haiondoi mafuta. Kabisa. Inakula sima, mafuta yanaikinga, kwa hiyo umeharibu pembeni ya doa na doa limebaki. Doa jipya mwaga majivu au unga wa mbao wa kwa seremala, ukanyage kanyage, uache usiku, ufagie. La zamani paka sabuni ya unga iliyokorogwa nzito na maji ya moto, sugua na burosi ngumu, funika na saseti ya plastiki ili isikauke, kesho sugua tena uoshe. Rudia mara tatu, nne. Halitaisha lote, ile iliyoshuka ndani imeshuka, litabaki kivuli. Kwa kesho na keshokutwa weka bati la zamani lenye kando zilizokunjwa chini ya pikipiki na mchanga kidogo ndani yake, ukichafuka unabadilisha.

Na mwenye kuniandikia bila jina kwamba anatumia maji ya batri kuosha sakafu kabla ya kupaka rangi, aache. Ile inaacha ndani ya betoni chumvi ya namna nyingine isiyoosheka vizuri na rangi itakataa. Ikiwa lazima asidi, ni ile ya chumvi, mlango wazi, glovu, mabote, na unamwaga asidi ndani ya maji, kamwe sio maji ndani ya asidi, juu inaruka usoni.

Kuhusu karo (vigae) za garaji, wameuliza watatu, nawajibu wote kwa mpigo. Karo za ukutani hapana, kriki ikiinua gari itazipasua ukiangalia. Nzito za nje ndiyo, kama gundi imejaa chini yote. Gonga kila moja na kipini cha nyundo, inayolia tupu itoke irudiwe.

*Muzee mwenzangu, niko Bagira, nina miaka 71. Garaji yangu ina ufa tangu tetemeko ya 2008. Nimeuziba na sima mara tatu, unarudi pale pale. Wajukuu banasema nipake tu rangi ya mupira ifunike. — Papa Muzee*

Muzee mwenzangu, yambo sana. Ile ya tarehe 3 Februari 2008 naikumbuka, ilikuwa Jumapili, tulikimbia nje na sahani mkononi. Ufa wako swali lake ni moja tu, ulikwisha siku ile ama bado unatembea? Ukiwa umelala, tunaufungua kwa tindo ukae kama herufi V, tunapuliza vumbi lote, tunajaza na mota ya epoksi, yaani epoksi iliyochanganywa na mchanga, umekwisha, hata rangi itapita juu. Ukiwa unatembea, hata ujaze dhahabu utapasuka, na hapo sio kazi ya sakafu tena, ni ardhi ya chini inashuka ama maji yanaila, na ukuta nao tuuangalie. Sima yako mara tatu imeshindwa, hilo linanitia wasiwasi kidogo, lakini sima nyembamba ndani ya ufa usiofunguliwa inashindwa hata kwa ufa uliolala, kwa hiyo bado sijui.

Fanya hivi. Koroga plasta kidogo, ile nyeupe ya dari, uweke vibandiko vitatu vya ukubwa wa kiganja juu ya ufa, kimoja kila mwisho na kimoja katikati, unene wa kidole, juu ya betoni iliyosafishwa. Wafundi wanaviita temoin, yaani mashahidi. Plasta haiwezi kuvutika, ardhi ikisogea hata kidogo inapasuka. Andika tarehe juu ya kila kimoja na penseli, uwakataze wajukuu wasivikanyage, na gari ilale nje ama upite ukiviacha katikati ya pneu. Wacha mvua zote zipite juu yake. Mwezi wa tano uniandikie kama vimepasuka, na ni kipi kimetangulia.